Pikapu ya turbo ikisita mlimani: pima kwanza, pisi baadaye

Malalamiko hufika garaji yakiwa na sura moja. Ndani ya Goma pikapu inakwenda vizuri, kutoka Himbi hadi Birere hakuna neno. Ikishaacha mji na kuanza kupanda barabara ya Rutshuru kuelekea Kibumba, dereva anakanyaga na gari linachelewa kumjibu. Sekunde moja, mbili, kisha nguvu inakuja kwa kishindo, au haiji kabisa. Mwenye gari anaambiwa turbo, pompa inayosukuma hewa ndani ya injini, imekufa. Anatafuta turbo ya mtumba, analipa mamia ya dola, inafungwa, na siku ya pili mlima uleule unamshinda.

Hilux, L200, D-Max na Navara za mtumba zimetufundisha kuliona jambo hili kwa namna nyingine. Injini inayosita ina njaa. Imekosa hewa, au imekosa mazutu (dizeli), au kompyuta yake imepewa habari za uongo kuhusu kimoja kati ya hivyo viwili. Kazi yote ni kujua ni njaa ya kitu gani kabla ya kununua pisi (kipuri) hata moja.

Kioo cha nyuma kinatoa jibu la kwanza bure. Mwombe mtu afuate kwa pikipiki wakati gari linapanda, aangalie bomba la moshi pale pale linaposita. Likisita huku likitoa moshi mweusi mzito, mazutu yapo na hewa ndiyo haitoshi: tafuta mpira uliopasuka, filtri ya hewa iliyojaa, valvu ya EGR (ile inayorudisha moshi ndani ya injini) iliyokwama wazi, au turbo isiyosukuma. Likisita bila moshi wowote, kana kwamba kuna mtu ameshika gari kwa nyuma, mara nyingi mazutu hayafiki: filtri, tangi, hewa ndani ya mpira wa mazutu, valvu ya pompa. Moshi mweupe unaochoma macho ni mazutu yaliyopita bila kuungua, na wa buluu ni oili. Tofauti hii ya mweusi na kutokuwa na moshi inaokoa nusu ya kazi, na inashangaza jinsi inavyorukwa.

Kisha muulize dereva maswali ya kumbana. Linasita likiwa baridi au likishapata moto? Kwenye mizunguko mingapi ya injini kwa dakika? Ukizima ufunguo ukawasha tena, nguvu inarudi? Swali hili la mwisho ni zito. Nguvu ikirudi baada ya kuzima na kuwasha, kompyuta ndiyo iliyokata nguvu kwa makusudi ili kuilinda injini, na ndani yake kuna kodi (namba ya kosa) iliyoandikwa. Na hakikisha kwanza kwamba kweli injini ndiyo inayosita: sindano ya mizunguko ikipanda huku mwendo haupandi, hiyo ni klachi inayoteleza, na hakuna turbo itakayoiponya.

Jambo moja la mahali petu lazima lieleweke, maana limewafanya watu wengi watupe sensa zisizo na ugonjwa. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi. Pwani, kule Mombasa au Dar es Salaam gari lilikoshukia, kanieneo ya hewa ni kama kPa 101. Hapa ni kama 84 au 85. Ukichomeka skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), ukafungua ufunguo bila kuwasha injini, sensa ya kanieneo kwenye manifoldi (MAP) itaonyesha 84 au 85, na hiyo ni sawa kabisa. Fundi aliyejifunza kwa vitabu vya pwani akiona 84 anasema sensa imekufa. Haijafa, inasema kweli. Ikionyesha 101 ukiwa Goma, hapo ndipo pa kuitilia shaka. Bukavu utapata karibu namba hizohizo. Lubumbashi, kwenye mita 1,200 na zaidi kidogo, utasoma kama 87.

Kwa sababu hiyohiyo turbo ya hapa inachelewa kidogo kuamka kuliko ya pwani. Chini ya mizunguko 1,500 turbo bado haijapata moshi wa kutosha wa kuizungusha, na injini ya dizeli bila turbo kwenye hewa hii nyepesi ni dhaifu. Dereva anayepanda kwa vitesi (gia) ya nne kwenye mizunguko 1,300 akilalamika kwamba gari linasita, gari halina ugonjwa. Ashuke hadi ya tatu. Ugonjwa ni pale linaposita kati ya 1,800 na 3,000, mahali ambapo turbo inapaswa kuwa imeshika kazi.

Sasa mikono ianze kazi, na ianzie kwenye mazutu, kwa sababu ndiyo chanzo cha mara nyingi na gharama yake ni ndogo. Mazutu mengi mjini hupitia bidoni na mapipa kabla ya kuingia kwenye tangi. Ya kadafi, wanaouza kando ya barabara, yanaweza kuwa mazuri, lakini bidoni iliyobeba maji jana inabeba mazutu leo. Chini ya filtri ya mazutu kuna skrubu ya kumwagia maji. Weka chupa ya kioo safi chini yake, legeza, bonyeza pompa ya mkono iliyo juu ya filtri, pokea kama nusu glasi, funga. Iache chupa itulie kwa robo saa mahali penye mwanga. Mazutu safi yanapitisha mwanga, unaweza kusoma gazeti kupitia chupa. Maji yatakaa chini na mstari ulionyooka kati yake na mazutu. Matope meusi kama kahawa iliyosagwa maana yake tangi limeoza ndani. Vipande vyekundu ni kutu. Ukiona vumbi la chuma linalometameta, simama: pompa ya kanieneo kubwa inajila yenyewe, na kila kilicho mbele yake, reli (bomba nene linaloshika mazutu yenye kanieneo kubwa) na injekta (zinazopuliza mazutu ndani ya mtungi; watu wa pwani husema nozeli), tayari kimekula chuma hicho.

Filtri ibadilishwe bila mjadala kama historia yake haijulikani. Kwa mazutu ya hapa, kila kilomita 5,000 si mapema. Lakini kuna kosa linalorudiwa karibu kila garaji: filtri mpya inajazwa mazutu ya bidoni kwa mkono "ili gari liwake haraka". Mazutu hayo yanapita upande ulio safi bila kuchujwa, yanakwenda moja kwa moja kwenye pompa na injekta ambazo nafasi zake za ndani ni nyembamba mara kadhaa kuliko unywele. Filtri ifungwe ikiwa kavu, kisha pompa ya mkono ibonyezwe mpaka iwe ngumu. Inachosha kidole, basi.

Pompa hiyo ya mkono inaweza pia kuwa ndiyo yenye ugonjwa. Katika injini nyingi za aina hii mazutu hayasukumwi kutoka tangini, yanavutwa. Ndiyo maana mpira wenye ufa kati ya tangi na pompa haudondoshi hata tone: badala ya kutoa mazutu, unaingiza hewa. Bonyeza pompa ya mkono mpaka iwe ngumu, acha gari saa moja, rudi. Ikiwa imelegea, mazutu yamerudi tangini na hewa imeingia. Kisha weka kipande cha mpira unaopitisha mwanga, sentimita 20 hivi, kati ya filtri na pompa, uangalie injini ikiwa ralanti (inawaka bila kukanyagwa) halafu ikiwa kwenye mizunguko 2,500. Vipovu vichache sekunde za kwanza si kitu. Mstari wa vipovu usiokatika ndio ugonjwa wenyewe, na mara nyingi unatoka kwenye oringi ya filtri iliyofungwa imepinda, kwenye mpira uliokauka mwishoni karibu na kolye (pete ya kukazia), au kwenye bomba la chuma lililooza pale linapopita juu ya ekseli ya nyuma.

Kama una shaka ya tangi zima, kuna jaribio ambalo kwa maoni yangu ni bora kuliko skana yoyote. Chukua bidoni safi ya lita 5, ijaze mazutu uliyoyaona kwenye kioo, ifunge vizuri karibu na injini mbali na ekzosi, vuta mazutu kutoka humo kupitia filtri mpya, na mpira wa kurudisha nao uurudishe humohumo. Kisha panda mlima uleule. Kusita kukiisha, ugonjwa uko kati ya tangi na filtri: chujio la ndani ya tangi limeziba, bomba limebonyea, au tundu la kupumua la tangi limejaa matope. Hili la mwisho linajulikana kwa njia rahisi: likianza kusita, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu ndani na gari likapata nguvu, umemaliza.

Tuje kwenye hewa. Kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi la barabara ya Minova hadi Kalehe ni laini kama unga, na lile la changarawe ya lava mjini ni jeusi na lina makali. Filtri ya hewa hapa haingoji kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu. Itoe, weka taa ndani yake gizani: mahali mwanga usipopita, hewa nayo haipiti. Kuipuliza kwa kompresa kunaruhusiwa kutoka ndani kwenda nje, kwa upole, mara moja au mbili tu. Karatasi ikishapata tundu, ni heri kutokuwa nayo. Pitisha kidole ndani ya bomba baada ya filtri: ukikuta vumbi upande huo, mabawa ya turbo yamekuwa yakisuguliwa na mchanga wa volkano, na hapo hata turbo ni haki kuishuku.

Baada ya turbo hewa hupita mipira mikubwa hadi intakula (kipoza hewa) na kutoka intakula hadi manifoldi. Kwenye Hilux nyingi za kizazi cha 2005 hadi 2015 zenye intakula, iko juu ya injini, chini ya lile dirisha la kapo (boneti). Barabara za mji zilizojengwa juu ya lava ya 2002 hutikisa kila kitu, na kolye hulegea. Mpira unaopasuka una tabia ya kujificha: ufa huwa upande wa chini, pale oili nyembamba ya turbo hukusanyika na kulainisha mpira, na ukiwa umesimama ufa umefungwa kabisa. Unafunguka tu turbo inaposukuma. Ndiyo maana kuangalia kwa macho hakutoshi. Ukisikia mlio kama wa nyoka pale unapokanyaga, na moshi mweusi nyuma, hilo ndilo.

Jaribio lake: toa bomba la hewa kwenye mdomo wa turbo, ziba mdomo huo kwa kifuniko ulichokikata kutoka chupa nene au bomba la plastiki, weka vali ya tairi katikati yake, kaza kwa kolye. Jaza hewa kwa kompresa hadi baa 0.7, usipite baa 1. Injini yenyewe itavujisha kidogo kupitia suspapu (valvu za injini) zilizo wazi na kupitia ringi za pistoni, kwa hiyo usitarajie kanieneo ikae milele. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kila kolye, na pembe za intakula pale alumini inapokutana na plastiki. Povu litakuonyesha. Oili kidogo ndani ya mipira hii isikutishe, ni mvuke wa oili ya injini. Ukimwaga intakula ikatoa kikombe kizima, hilo ni jambo lingine.

Sasa chomeka skana. Ile ndogo ya Bluetooth yenye programu ya simu inatosha kwa mengi, mradi iweze kuonyesha namba zinazobadilika, si kodi peke yake. Mtu wa pili ashike simu; dereva aangalie barabara. Vitesi ya tatu, kutoka mizunguko 1,500, kanyaga hadi chini na usiachie mpaka 3,000, mlimani. Rekodi mambo matano: pedali, mizunguko, MAP, kanieneo ya reli inayotakiwa na ile inayopatikana.

Ukumbuke MAP ni kanieneo kamili, imejumlisha ile 85 ya Goma. Injini yenye afya hufika karibu na 200 na kuendelea. Ikibaki 120 au 130 huku pedali iko chini kabisa na mizunguko 2,500, turbo haisukumi au inachosukuma kinamwagika njiani. Hapo kodi P0299 mara nyingi huwa imeandikwa. Ikipanda kupita kiasi halafu nguvu ikakatwa ghafla, kodi ni P0234, na kisababishi cha kawaida ni vijani (mabawa madogo yanayoongoza moshi) vya ndani ya turbo vilivyoganda kwa masizi. Kuganda huko hutokea sana kwa magari yanayotembea polepole mjini kila siku bila kupewa mlima.

Kabla ya kuishutumu turbo, angalia kinachoiongoza. Kwenye L200, D-Max na Navara nyingi vijani huvutwa kwa vakyumu (nguvu ya kufyonza). Kwenye Hilux ya lita 3 ni mota ndogo ya umeme. Kwa zile za vakyumu: mtu awashe injini huku wewe unaangalia fimbo ya turbo. Inapaswa kuvutwa mara moja, na kurudi polepole bila kukwama injini ikizimwa. Isipotembea, pima vakyumu kwenye mpira wake. Hapa tena urefu wa Goma unadanganya watu. Pwani pompa nzuri hufika mmHg 700. Kwetu hewa yenyewe yote ni kama mmHg 635, kwa hiyo haiwezekani kuvuta zaidi ya hapo. Ukipata 550 hadi 600, pompa ni nzima. Ukipata 350, fuata mipira myembamba, ile ya milimita 3 au 4. Hupasuka kwenye ncha. Kata sentimita moja, irudishe, mara nyingi hilo ndilo tengenezo lote. Valvu ya umeme inayogawa vakyumu ina kifuniko kidogo chenye sponji kinachopumua; vumbi letu hukiziba, na gari linasita kwa ajili ya sponji isiyozidi ukucha. Ile skrubu ya kurekebisha mwisho wa fimbo usiiguse. Imewekwa kiwandani kwa vipimo, na ukishaizungusha hakuna wa kukuambia ilikuwa wapi.

Valvu ya EGR inarudisha moshi ndani ya injini. Ikikwama wazi, injini inavuta moshi wake yenyewe badala ya hewa: nzito chini, moshi mweusi, afadhali kidogo juu ya mizunguko 3,000. Sensa ya kupima hewa (MAF) inasaidia kuijua, kwa hesabu ambayo kila fundi anaweza kuifanya. Injini ya lita 2.98 ikiwa ralanti kwenye mizunguko 750 inavuta hewa mara 375 kwa dakika, maana mzunguko mmoja kati ya miwili ndio wa kuvuta. Hiyo ni lita 1,118 kwa dakika, au lita 18.6 kwa sekunde. Lita moja ya hewa ya Goma kwenye nyuzi 25 ina uzito wa karibu gramu 1. Mitungi haijai kabisa, chukua asilimia 85 au 90, unapata gramu 16 hivi kwa sekunde EGR ikiwa imefungwa. Ukisoma 8 wakati kompyuta inasema EGR imefungwa, ama valvu iko wazi ama MAF imechafuka. Safisha MAF kwa dawa yake ya kupuliza, bila kitambaa, bila kidole, iache ikauke. Namba isipobadilika, weka kwa muda kibati kati ya EGR na manifoldi. Ikipanda hadi 15 au 16, umempata mwizi. Toa valvu uisafishe, na ukiwa hapo tazama ndani ya manifoldi: masizi yaliyochanganyika na oili hujenga ukuta mweusi mgumu, unaweza kukuta njia ya hewa imebaki nusu. Hutolewa kwa kukwangua manifoldi ikiwa imefunguliwa mezani. Kupuliza dawa huku injini inawaka kunaweza kuvunja vipande vikaingia kwenye mtungi.

Moshi haupo na MAP ni nzuri? Basi tazama reli. Kwenye Hilux za 2.5 na 3.0 D-4D, ralanti huwa kati ya MPa 30 na 40. Skana nyingine huandika 30,000 hadi 40,000 kPa. Kwenye mlima inaweza kufika MPa 160. Namba moja peke yake haina maana. Linganisha inayotakiwa na inayopatikana. Kompyuta ikiomba 120 na kupewa 80 wakati uleule gari linaposita, umefika kwenye kiini. Kodi P0087 inaelekea hukohuko.

Na hapa kuna onyo ambalo mafundi waliozoea injini za zamani, zile za 1HZ na 3L, wanapaswa kulishika. Kwenye hizo tulikuwa tunalegeza nati ya bomba la injekta injini ikiwaka ili kujua mtungi upi ni mbovu. Kwenye reli usithubutu kamwe. Hata ralanti ni zaidi ya baa 300. Mazutu yanayotoka kwenye ufa kwa nguvu hiyo yanapenya ngozi bila mtu kuhisi maumivu makubwa mwanzoni, na mkono unaweza kukatwa. Anayepigwa nayo apelekwe hospitali saa ileile, hata kama tundu ni dogo kama la sindano.

Reli ikishindwa kupanda, na filtri, tangi na mipira umeshaviondoa kwenye shaka, wa kwanza kwenye mstari ni valvu ya SCV, iliyo kwenye pompa yenyewe na inayopima mazutu yanayoingia. Tabia yake inajulikana: ralanti inapanda na kushuka yenyewe, gari linasita ukikanyaga kidogo tu kati ya 1,500 na 2,500, linazidi likipata moto, na wakati mwingine linazimika ukiachia pedali kufika kwenye makutano. Pima ukinzani wake ikiwa baridi: kwenye Hilux hizo ni kati ya omu 1.9 na 2.3. Lakini kipimo kizuri cha umeme hakiiachi huru, maana mara nyingi inayokwama ni fimbo ya ndani, kwa maji na mazutu yaliyochanganywa mafuta ya taa ambayo hayalainishi. Nyingi za Denso namba yake huanza na 294200. Linganisha namba yote na umbo, kwa sababu kuna fupi na ndefu. Osha pompa nje kwanza, punje moja ya mchanga ikiingia pale umenunua pompa nzima. Paka oringi mazutu safi, ingiza kwa mkono ikiwa imenyooka, kaza bolti mbili kwa zamu bila nguvu nyingi. Nakala za bei ndogo ni nyingi na dalili yake ni kwamba ralanti inacheza tangu siku ya kwanza.

SCV mpya ikikosa kusaidia, vua mpira wa kurudisha kwenye kidhibiti cha kanieneo mwishoni mwa reli. Ralanti hapapaswi kudondoka kitu. Kikidondosha, kimechoka. Kisha injekta. Ambapo mipira yake ya kurudisha inafikika nje, fungia kila moja kwenye chupa yake, ralanti dakika 3 hadi 5: inayojaza mara mbili ya wenzake ndiyo inayokimbiza kanieneo. Ambapo haifikiki, skana nzuri itaonyesha marekebisho ya kila mtungi. Karibu na sifuri ni afya. Ikipita 3 juu au chini, ipelekwe kwenye benchi. Injekta inayomwaga usiivumilie ati gari bado linatembea, maana mazutu yanayochomeka mahali pamoja hupasua pistoni. Na kwenye Hilux ya lita 3, ukishafungua injekta weka vioshi (washa, pete bapa) vipya vya shaba chini yake bila kukosa. Vya zamani vikivujisha moshi wa mtungi, masizi huingia kwenye oili, huziba chujio la pompa ya oili ndani ya sampu (karai la oili), na injini nzima hufa kwa kukosa oili. Ukikuta duara jeusi kwenye kiti cha injekta, fungua na sampu siku hiyohiyo.

Pedali ya umeme huchukua dakika tano kuipima, kwa hiyo usiiruke. Kwenye Toyota ina njia mbili: ikiwa imeachiwa utaona karibu volti 0.8 na 1.6. Ibonyeze polepole sana mpaka chini. Zote zipande bila kuruka, zikiachana kwa kiasi kilekile. Ikiruka mahali pamoja, dereva atasema gari linasita kila mara mguu ukifika hapo, tambarare na mlimani sawasawa. Pikapu zilizotoka Ulaya, hasa za miaka ya 2010 na kuendelea, nyingi zina chujio la masizi kwenye ekzosi; likijaa, injini inapumua kwa shida na turbo haizunguki ipasavyo, hata kila kitu mbele yake kikiwa kipya.

Baada ya kufunga SCV au injekta, kompyuta bado inakumbuka tabia ya pisi ya zamani. Futa kodi, na kama skana inaweza, futa pia kile pompa ilichojifunza. Washa injini ikiwa imepoa, iache ralanti bila feni wala taa mpaka ipate moto wa kawaida, kisha dakika nyingine chache. Halafu rudi kwenye mlima uleule wa Kibumba, vitesi ileile, kutoka 1,500 hadi 3,000, na urekodi tena zile namba tano. Ziandike kwenye karatasi pamoja na tarehe na kilomita, uziache ndani ya gari, maana fundi atakayefungua kapo hiyo mwaka ujao atakuwa na cha kulinganisha nacho.